Claire McCardell, Mbunifu wa Vazi la Kila Siku

Claire McCardell (1905–1958), mbunifu wa mavazi aliyezaliwa Frederick, Maryland, anastahili pongezi kwa kuwa miongoni mwa walioitoa mitindo ya Marekani katika kivuli cha Paris, ingawa sehemu ya masomo yake aliipata huko huko. Mwaka 1942, akiwa na kampuni ya Townley ya New York, alibuni gauni lililoitwa Popover, yaani vazi la kujifunga kiunoni lililoshonwa kwa denimu, kitambaa kigumu cha pamba kilichozoeleka katika nguo za kazi, likiwa na mfuko mkubwa na glovu ya kushikia vyombo vya moto. Kwa kuwa lilishonwa kiwandani na kuuzwa chini ya dola 7, ubunifu wa hali ya juu uliwafikia pia wanawake wa kipato cha kawaida.