Sauti Tupu

Msomaji, ikiwa umepata kukaa kisimani katika pande za Buna wakati wa kiangazi, huna haja ya kuelezwa uimbaji usio na ala ni kitu gani. Wachungaji hupokezana ndoo kutoka chini mpaka kwenye hori, na wimbo ndio unaowapimia mwendo. Mmoja huanza, wenziwe humwitikia, na ngamia hunywa. Hapana ngoma wala zeze, wala hapana aonaye kwamba vimekosekana. Likumbuke hilo, kwani ndilo litakalokuwa kipimo chetu.

Albamu tutakayoipima yaitwa Radio. Iliimbwa na Wise Guys, wanaume watano wa mji wa Köln katika Ujerumani, ikatolewa mwaka 2006. Kundi hili lilizaliwa miongoni mwa wanafunzi wa shule ya sekondari, vijana kama wewe, likadumu hadi lilipovunjika mwaka 2017. Ndani ya albamu hii besi ni mtu, na ngoma pia ni mtu.

Sifa yake kubwa ni maneno. Daniel Dickopf, aliyetunga nyimbo nyingi za kundi, ni bingwa wa mzaha na vina, na kwa kuwa hapana gitaa la kumfunika, kila silabi yasikika. Usikilize wimbo uitwao "Denglisch", ambao jina lake limeunganishwa kutoka majina ya Kijerumani na Kiingereza. Mwimbaji anamwomba Mungu amrudishie lugha yake, na dua yenyewe anaiomba kwa lugha iliyochanganywa! Nani kati yetu hajamsikia mtu akikemea uchanganyaji wa Kiswahili na Kiingereza kwa sentensi ambayo nusu yake ni Kiingereza? Kweli, asiyejua Kijerumani atahitaji mkalimani, na nusu ya utamu itapotea njiani.

Kasoro yake ni ile ngoma ya mdomo. Mara ya kwanza utastaajabu. Mara ya tano utajiuliza: kama aliitaka ngoma, mbona hakuipiga? Kustaajabisha si kupendeza. Sauti ya mchungaji haiigi kitu chochote, bali yafanya kazi yake yenyewe. Hata hivyo, tusimpendelee mchungaji kupita kiasi. Wimbo wake ukiutoa kisimani ukamwimbia mtu aliyeketi kitini, huenda akachoka upesi, kwa maana haukutungwa kwa ajili yake. Ulitungwa kwa ajili ya mikono na ndoo. Wale wa Köln hawana kisima, na yawapasa kutafuta mwendo wao mahali pengine.

Nadhani wenyewe walilihisi jambo hili. Mwaka 2012 walitoa albamu iitwayo Zwei Welten kwa sauti tupu, na mwaka uliofuata wakazitoa nyimbo zake tena zikiwa na ala. Mimi nisingewashauri kukimbilia ala. Ningewashauri kuinyamazisha ile ngoma ya mdomo katika nyimbo mbili tatu, tusikie sauti tano zikiwa sauti tu.

"Denglisch" nitaisikiliza tena. Zile nyimbo ambazo ndani yake mdomo wapiga ngoma kwa bidii huku wimbo hauna la kusema, hizo nimeziacha.