Mshazari wa Kabati

Seremala mmoja mzee wa mtaani kwetu Tanga hakubali kukata ubao wa kabati kabla hajakiona chumba. Hufika na futi kamba, akapima sakafu hadi dari, kisha akapima tena pembeni kidogo. Anaivuta kamba kwa utulivu, na anaikagua isiinamie upande. Anajua kwamba penye dari ya sentimita 240, ncha ya chini ikisogea sentimita 20 tu, futi itasoma karibu 241. Dari haijapanda, ni kamba iliyolala.

Lakini ustadi wake hasa uko kwenye mshazari. Chukua kabati lenye kimo cha sentimita 235 na kina cha 60. Kwa hesabu ya haraka linaenea chini ya dari hiyo, na sentimita 5 zinabaki. Basi lilaze chali sakafuni, kisha ujaribu kulisimamisha. Linapoinuka, kona ya mbele ya juu haiendi moja kwa moja hadi 235. Njiani inapita 242 na nusu, kwa sababu hapo kinachosimama ni ule urefu wa kona hadi kona. Kabati linakwama likiwa nusu wima, na vijana wanne wamelishikilia. Mzee huliona hilo kabla msumeno haujagusa mbao, akaamua kulitenga kichwa na kiwiliwili, viungwe humo humo chumbani.

Mshazari huohuo ndio shahidi wake kwenye fremu ya mlango. Pande zinazotazamana zikishalingana, hupima kona hizi, halafu zile. Fremu ya 200 kwa 90 isiposoma 219 na kidogo pande zote mbili, anaigonga taratibu kwa nyundo ya mbao hadi zilingane. Waashi wa zamani nao walinyoosha msingi kwa kamba ya 3, 4 na 5, na nyumba zao bado zina kona zilizonyooka.

Siku hizi vipimo hutumwa kwa simu: upana, kimo, basi. Inauma kuona kabati zuri la mninga likikatwa miguu sebuleni, au dari mpya ikitobolewa, kwa uvivu wa dakika chache. Vijana wana mashine nzuri kuliko zake, ila wachache wanakaa naye kujifunza.

Ewe mteja, fundi akiomba kuja kukiona chumba kwanza, mfungulie mlango na umlipe nauli yake.