Kumpima Mfafanuzi wa Ubongo

Anayekuja shuleni kuwaeleza watoto habari za ubongo hujulikana mapema. Akianza na lile dai kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, mwacheni amalize kwa heshima, ila msimwalike tena. Dai hilo halina msingi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula takriban asilimia 20 ya nishati yake. Mwili usingegharamia hivyo kiungo kilicholala.

Fundi huanza na jambo ambalo mtoto atalijaribu mwenyewe. Rula ya sentimita 30 inatosha. Mmoja anaishika wima. Mwenzake anatega kidole gumba na cha shahada kwenye sifuri bila kuigusa. Inaachiwa ghafla, inadakwa. Ikidakwa kwenye sentimita 20, imepita kama sehemu moja ya tano ya sekunde: jicho limeona, ubongo umeamua, amri imeshuka kwa uti wa mgongo hadi kwenye misuli ya mkono. Darasa litapiga kelele, na waachwe wapige. Mwangalie mgeni wenu pale mtoto mmoja atakapoidaka kwenye sentimita 5. Wa kawaida atamshangilia. Hodari atamwambia arudie, maana hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mkono hauwahi kiasi hicho. Huenda amebahatisha, au ameviona vidole vya mwenzake vikilegea. Mimi hapo ndipo humpa alama zake nyingi.

Picha za skana zenye madoa mekundu nazo zina mtego. Rangi hizo hupakwa na kompyuta kuonyesha matokeo ya hesabu. Ubongo hauwaki taa. Asiyelitaja hilo mpunguzie alama.

Kwa watu wazima, kipimo changu ni kifafa. Wapo ambao hadi leo huogopa kumgusa aliyeanguka, wakidhani povu lake linaambukiza. Mfafanuzi mzuri ataeleza kwamba ni umeme wa seli za ubongo uliokwenda mrama kwa muda, wala hauambukizi. Kisha atasema la kufanya: mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, zikipita dakika 5 hajatulia, apelekwe hospitali. Waandaaji, kabla ya kumlipa nauli, muulizeni kama hayo atayasema.