Mshubiri Hauuawi na Kiu

Mshubiri ukifa nyumbani, mara nyingi umeuawa na maji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na papo hapo jua huikausha. Mshubiri hufungua vyake usiku, huihifadhi hewa hiyo kama asidi, kisha huitumia mchana vitundu vikiwa vimefungwa. Kwa hiyo hunywa polepole. Udongo ukishinda umelowa, mizizi hukosa hewa na kuoza.

Vitabu vya Ulaya huagiza maji yapunguzwe Desemba na Januari, kwani huko ni baridi na mwanga ni haba. Muhuta, Burundi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kati ya Bujumbura na Rumonge, ina takriban saa 12 za mchana mwaka mzima. Kinachobadilika hapa ni mvua, ambayo huanza Oktoba hivi na kuendelea hadi Mei. Basi kalenda ifuate mvua: wakati wa mvua chungu kikae chini ya paa mahali penye mwanga, kisimwagiliwe mpaka kidole kikichomekwa kikute udongo mkavu. Kiangazi, Juni hadi Septemba, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha subiri udongo ukauke tena.

Chungu cha udongo kinafaa zaidi, kwa sababu kuta zake hupitisha unyevu. Bidoni la mawese lililokatwa nalo linafaa, mradi litobolewe chini. Wengi hutandika kokoto chini ili maji yapite. Kumbe maji husita pale udongo laini unapokutana na kokoto, yakabaki kwenye mizizi. Changanya mchanga na kokoto ndogo ndani ya udongo wote, kama nusu kwa nusu. Mchanga wa Tanganyika hauna chumvi ya bahari. Maji ya ziwa, hata hivyo, yana alkali, pH karibu 9, na yakitumiwa siku zote huacha madini kwenye udongo. Heri maji ya mvua yaliyokingwa.

Kuzidisha mimea ya aina hii hufuata kanuni ileile ya kuepuka unyevu mwingi. Tawi la mnyaa, mmea mwingine wa namna hiyo, likikatwa, liache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, ndipo ulipande. Likipandwa bichi huoza kwa urahisi. Utomvu wake mweupe huunguza macho, kwa hiyo uwekwe mbali na watoto. Anayeanza aanze na chipukizi la mshubiri lenye mizizi yake, na wiki ya kwanza asilimwagilie kabisa.