Jibu Sahihi, Njia Mbovu: Uhakiki wa Nafasi ya Kosa la Hoja katika Maarifa

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi amepewa sehemu 16/64 airahisishe. Anaifuta 6 iliyo juu, anaifuta 6 iliyo chini, anabakiwa na 1/4. Jibu ni sahihi. Mwalimu anayesahihisha anatambua kwamba tarakimu hazifutwi namna hiyo, na kwamba mwanafunzi huyohuyo akipewa 12/24 atafuta 2 kwa 2 na kuandika tena 1/4, ilhali jibu ni 1/2. Katika swali la kwanza mwanafunzi ana imani, na imani yake ni ya kweli. Je, tuseme alijua?

Swali hili ni la zamani. Katika mjadala wa Plato uitwao Meno, Socrates anauliza kama mtu mwenye wazo sahihi kuhusu njia ya kwenda Larissa, ambaye hajawahi kuipita, ni kiongozi duni kuliko yule anayeijua. Wote wawili watawafikisha wasafiri. Tofauti anayoieleza Socrates ni kwamba wazo sahihi lisilofungwa kwa sababu hutoroka, kama sanamu za Daedalus ambazo ilisemwa kwamba zisipofungwa hukimbia. Kwa mtazamo huo, maarifa ni ukweli uliofungwa. Jambo ambalo Socrates hakulifafanua ni hali ya mtu aliyeufunga ukweli kwa kamba mbovu.

Makala hii inahakiki majibu mawili yaliyotolewa katika falsafa ya karne ya 20, kisha inayapima kwa kisa cha kihistoria cha homa na mbu, ambacho sehemu yake ilitokea Afrika Mashariki. Hoja inayotetewa ni kwamba kosa la hoja huondoa maarifa pale tu imani inapolitegemea kosa hilo. Kosa lililokuja baadaye, kama maelezo ya jambo lililokwisha kuonekana, haliondoi maarifa ya jambo lenyewe. Inaonyeshwa pia kwamba kutoitambua tofauti hii kumewafanya watafiti wawahukumu isivyo haki wale wanaowatafiti.

2.0 Mifano ya Gettier na mipaka yake

Mwaka 1963 Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu katika jarida la Analysis. Alihoji maelezo yaliyozoeleka kwamba maarifa ni imani, iliyo ya kweli, na ambayo mwenye nayo ana sababu za kutosha kuiamini. Katika mfano wake wa kwanza, Smith na Jones wameomba kazi moja. Smith ana sababu nzuri za kuamini kwamba Jones ndiye atakayeajiriwa, na kwamba Jones ana sarafu kumi mfukoni. Anahitimisha kwamba atakayeajiriwa ana sarafu kumi mfukoni. Mwishowe anaajiriwa Smith mwenyewe, ambaye naye, bila kujua, ana sarafu kumi mfukoni. Imani yake ni ya kweli na ana sababu za kuishikilia, lakini ni vigumu kusema kwamba alijua.

Nguvu ya mfano huu imekubaliwa na wengi, na makala hii haiipingi. Hata hivyo, mara nyingi mfano huu husomwa kana kwamba unahusu fikra mbovu. Sivyo ulivyo. Smith anafikiri vizuri: kutoka katika kauli zake tangulizi, hitimisho linafuata bila kasoro. Kilichomponza ni kwamba kauli moja kati ya hizo ni ya uongo. Mwanafunzi wa 16/64 yuko katika hali tofauti. Kauli anayoanzia ni ya kweli, kwani sehemu aliyopewa ndiyo hiyo. Hatua anayoichukua ndiyo mbovu. Kwa hiyo yapo makosa ya aina mbili: uongo ulio ndani ya msingi, na ubovu wa hatua yenyewe. Gettier alishughulikia la kwanza pekee.

Aina zote mbili zina jambo moja linalozifanana. Ukweli wa hitimisho na sababu za kuliamini vimekutana kwa bahati. Sarafu zilizolifanya hitimisho la Smith kuwa la kweli si zile alizozifikiria, na uhusiano wa 16 na 64 hautokani na kufanana kwa tarakimu 6.

3.0 Sharti la msingi usio na uongo

Mwaka huohuo wa 1963 Michael Clark alipendekeza marekebisho: mtu anajua ikiwa sababu anazozitegemea hazina uongo ndani yake. Sharti hili linaueleza vizuri mfano wa Smith. Udhaifu wake ni kwamba linadai mno.

Chukua msimamizi wa mtihani mwenye karatasi 200. Anawahesabu watahiniwa waliomo ukumbini, anapata 148, na kuhitimisha kwamba karatasi zitatosha. Kumbe alimhesabu mmoja mara mbili. Watahiniwa ni 147. Hitimisho lake limetokana na hesabu ya uongo, na kwa sharti la Clark hakujua kwamba karatasi zitatosha. Uamuzi huo haukubaliki. Kila mtu aliyemo ukumbini angesema kwamba msimamizi alijua. Ted Warfield alijenga hoja yake ya mwaka 2005 juu ya mifano ya namna hii, akionyesha kwamba maarifa yanaweza kupatikana kupitia kauli ya uongo.

Kwa nini msimamizi anajua na Smith hajui, ilhali wote walipitia katika uongo? Jibu linalopendekezwa hapa ni la kuangalia kosa limekaa wapi. Katika nyumba ya udongo kuna nguzo na kuna chokaa. Chokaa ikibanduka nyumba inasimama. Nguzo ikioza nyumba inaanguka hata kama kuta zinang'aa. Iondoe ile 148 kwa msimamizi: bado anao mbele ya macho yake watu wanaokaribia mia na nusu, pungufu sana ya 200, na hicho ndicho kilichoibeba imani yake. Iondoe kwa Smith imani kwamba Jones ataajiriwa: habakiwi na chochote. Ukimnyima mwanafunzi ruhusa ya kufuta tarakimu, naye hana njia nyingine ya kufikia 1/4.

Kipimo hiki kinahitaji tahadhari moja. Haitoshi kwamba mtu angeweza kuwa na sababu nyingine nzuri. Sharti awe anaitegemea kweli. Mwanafunzi mwenye kitabu cha majibu mfukoni ambacho hakukifungua hawezi kudai kwamba kitabu hicho ndicho msingi wa jibu lake.

4.0 Homa, kinamasi na mbu

Kipimo kilichotolewa hapo juu kinaweza kujaribiwa kwa historia ya malaria. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Mwaka 1717 daktari Giovanni Maria Lancisi alichapisha Roma kitabu kuhusu mivuke yenye madhara itokayo katika vinamasi, akashauri vinamasi vikaushwe. Aliwataja wadudu pia, lakini mkazo uliodumu kwa madaktari wengi waliofuata ulikuwa hewa. Leo inafahamika kwamba ugonjwa huletwa na vimelea, ambavyo Alphonse Laveran aliviona katika damu ya mgonjwa nchini Algeria mwaka 1880, na kwamba hubebwa na mbu, kama kazi za Ronald Ross nchini India na za Wataliano wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi zilivyothibitisha mwaka 1897 na 1898.

Je, waliosema kwamba kuishi karibu na kinamasi huleta homa walijua hivyo, ilhali maelezo yao ya hewa yalikuwa ya uongo? Kwa kipimo chetu, walijua. Watu waliona vizazi kwa vizazi kwamba penye maji yaliyotuama pana homa. Hewa mbaya ilikuwa maelezo ya jambo lililoonekana. Ukiyaondoa maelezo, uoni unabaki. Lakini chukua ushauri mwingine wa zama hizo: kufunga madirisha usiku ili hewa ya usiku isiingie. Ushauri huo unasaidia, kwa kuwa mbu wanaoambukiza malaria huuma hasa usiku, na dirisha lililofungwa huwazuia. Aliyeufikia kwa kulinganisha nyumba zilizofungwa na zilizoachwa wazi alijua. Aliyeufikia kwa kuikisia tu hewa alipata kweli kwa bahati. Huyu wa pili atajifungia usiku mmoja, na usiku unaofuata atakaa kilimani penye upepo safi, bila chandarua, akijiona salama. Hapo ndipo kamba mbovu inapokatika, kama mwanafunzi anapofika kwenye 12/24.

Kisa cha Richard Burton kinaonyesha upande wa pili. Katika kitabu chake cha mwaka 1856 kuhusu safari yake ya Harar, Burton aliandika habari aliyoipata katika nchi ya Wasomali kwamba kuumwa na mbu huleta homa za kuua. Aliuita huo ushirikina, akaeleza kwamba huenda umetokana na mbu na homa kuzidi katika majira yaleyale. Kanuni iliyomwongoza ni njema na bado hufundishwa katika kozi za mbinu za utafiti: mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limelizaa jingine. Hata hivyo alifikia uongo, na wale aliowakosoa walikuwa na kweli.

Haitoshi kusema kwamba Burton alikuwa na bahati mbaya. Kanuni yake ilimruhusu kuhitimisha kwamba kwenda pamoja kwa mbu na homa si ushahidi wa kutosha. Haikumruhusu kuhitimisha kwamba habari yenyewe ni ushirikina. Kukosekana kwa uthibitisho si uthibitisho wa uongo. Tena, hoja aliyoikosoa aliitunga yeye mwenyewe kwa kukisia. Aliandika imani ya wenyeji, akawawekea sababu, kisha akaihukumu imani kwa sababu hiyo aliyowawekea.

Miaka arobaini na ushei baadaye Robert Koch, aliyekuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, aliripoti kwamba wakazi wa milima ya Usambara waliposhuka nyanda za chini wakaugua homa, waliuita ugonjwa huo Mbu, yaani kwa jina la mdudu waliyemshuku. Baada ya ugunduzi wa Ross, habari kama hii huvutia kutumiwa kama ushahidi kwamba wenyeji walijua kabla ya maabara. Makala hii inashauri kusita. Tofauti ya mlimani na bondeni ni ulinganisho wenye thamani kubwa, lakini bondeni kuna zaidi ya mbu: kuna joto, maji na hewa nyingine. Ulinganisho huo peke yake unathibitisha kwamba bonde lina homa, haumtengi mbu. Ikiwa kulikuwa na uoni mwingine uliomtenga mbu, huo ndio ungekuwa msingi wa maarifa yao. Jina la ugonjwa linatupa imani na ukweli wake. Msingi haumo ndani ya jina.

5.0 Swali la "Umejuaje?" katika utafiti

Kiswahili kina swali la kila siku linalobeba mjadala huu: "Umejuaje?" Swali hili linaanza kwa kukubali kwamba mwenzako anajua, kisha linataka njia. Jibu likiwa hafifu, kukubali kule kunafutwa: "Kumbe hukujua, ulibahatisha." Mzungumzaji wa Kiswahili anafahamu, bila kusoma Gettier, kwamba kupatia si kujua.

Katika utafiti wa fasihi simulizi na wa maarifa ya jadi swali hili huachwa mara kwa mara. Mzee anamwambia mtafiti kwamba sisimizi wakihamisha mayai mvua iko karibu, na anaongeza kwamba mizimu ndiyo huwaamuru. Mtafiti anaandika "imani potofu". Amefanya alichofanya Burton: ameyachukua maelezo akayafanya msingi. Huenda mizimu ni chokaa, na nguzo ni miaka sitini ya kuwaangalia sisimizi na mawingu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na uoni huo ndio unaostahili kuulizwa na kupimwa. Mtafiti mwingine, kwa nia njema, anaandika "maarifa ya jadi" kwa sababu tu sayansi imekuja kuafiki. Naye amekosea, kwa kuwa anamheshimu mzee kwa matokeo bila kujali njia. Heshima ya namna hiyo itaondolewa siku sayansi itakapobadili kauli. "Lisemwalo lipo" ni methali ya kutia tahadhari. Haiwezi kushika nafasi ya uchunguzi.

Kipimo hichohicho kinamrudia mtafiti. Mtahini huirudisha tasnifu yenye sampuli iliyochaguliwa kwa upendeleo hata kama anaafiki hitimisho lake. Anaafiki kwa sababu anazo sababu zake. Mwandishi wa tasnifu bado hana. Hakuna uonevu hapo, maana shahada haitolewi kwa kupatia.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Gettier alithibitisha upungufu wa maelezo ya zamani bila kuligusa kosa la hatua yenyewe ya hoja, na kwamba sharti la Clark linawanyima maarifa watu wanaoyastahili. Imependekeza kwamba kosa lipimwe kwa mahali lilipokaa. Imani ya kweli inayobebwa na kosa si maarifa, nayo itamsaliti mwenye nayo katika swali linalofuata. Imani ya kweli inayobebwa na uoni mzuri ni maarifa, hata ikiwa imepakwa maelezo ya uongo. Kwa upande wa utafiti, inapendekezwa kwamba dodoso na miongozo ya usaili katika maarifa ya jadi itenganishe maswali mawili ambayo huchanganywa: umejuaje kwamba jambo hili huwa hivi, na unadhani ni kwa nini huwa hivi. Majibu ya swali la kwanza ndiyo yatakayoamua kama mtafitiwa anajua. Majibu ya swali la pili yahifadhiwe kwa thamani yake yenyewe, wala yasitumiwe kumvua mtu maarifa aliyoyapata kwa macho yake.