"Mpango wa Kando": Tasfida na Gharama Yake

Makala haya mafupi yanachunguza safari ya kimaana ya msemo "mpango wa kando", unaotumika nchini Kenya kumrejelea mpenzi wa nje ya ndoa. Aghalabu msemo huu huchukuliwa kuwa tasfida tu, yaani adabu ya lugha. Tunashikilia kwamba adabu hiyo ina gharama, na anayeilipa si msemaji.

"Mpango" ni nomino inayotokana na kitenzi "panga". Katika matumizi rasmi, neno hili limebeba uzito wa dola: mipango ya maendeleo, na mpango wa uzazi ulioanzishwa kitaifa mwaka 1967. Msemo wetu unaiazima heshima hiyo ya ofisini na kuiingiza chumbani. Kejeli yake imo humo: lililoharamishwa linavishwa joho la utaratibu.

Tuulinganishe na maneno yaliyoutangulia. "Hawara" na "kimada" yanahukumu, lakini yanamtaja mtu, na upatanisho wake ni wa viumbe hai: kimada wake amefika. "Mpango", kinyume chake, umo katika ngeli ya vitu. Msemaji anaposita baina ya "umefika" na "amefika", sarufi yenyewe inauliza iwapo anayezungumziwa ni mtu au ni jambo.

Mwaka 2013 tangazo la televisheni lilihimiza watu "kuweka kondomu mpangoni". Kiambishi "-ni" kilizaa utata wa makusudi: kondomu iwe sehemu ya mipango ya mtu, na pia iingie katika uhusiano wenyewe. Mhusika alikuwa mke wa mtu. Viongozi wa dini walipinga wakidai kwamba tangazo linahalalisha uzinzi, nalo likaondolewa. Tasfida iliyostahimiliwa katika mzaha haikustahimiliwa ilipopewa sauti rasmi.

Mwaka 2021 Sheria ya Urithi ilirekebishwa, na mwenzi akafafanuliwa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa. Katika mjadala wa umma, marekebisho hayo yalifupishwa hivi: mpango wa kando hatarithi. Kilichokuwa kichekesho kikawa jina la anayetengwa.

Kwa hivyo, mhakiki anayekutana na msemo huu katika riwaya au tamthilia asitosheke kuuita tasfida. Hana budi kuuliza unamsitiri nani, na unamwacha nani kando bila jina.