Shamba la Jirani Yake Petro

Anayesoma hati za abasia ya Cluny, huko Burgundy nchini Ufaransa, haanzi na mfalme wala papa. Huanza na shamba. Kabaila fulani amewapa watawa kipande cha ardhi, na mwandishi amekiandika kwa Kilatini. Hati nyingi zimebaki katika nakala tu. Zaidi ya 5,000 zilichapwa katika mkusanyo wa Bernard na Bruel, juzuu sita, kuanzia 1876 hadi 1903.

Kwanza anatafuta tarehe. Hati inasema ni mwaka wa 20 wa Mfalme Lothar. Lothar alitawazwa Novemba 954, basi tuko kati ya Novemba 973 na Novemba 974, ikiwa mwandishi hakukosea hesabu.

Kisha mipaka. Upande wa asubuhi ni ardhi ya fulani. Upande wa adhuhuri, ya fulani. Upande wa jioni, njia ya watu wote. Upande wa nne umepewa jina la upepo. (Sisi tunaoita kaskazini kwa upepo wa kaskazi hatuna la kushangaa.) Mara nyingi jirani mmojawapo ni Mtakatifu Petro mwenyewe, msimamizi wa Cluny.

Sasa majina, na hapa ndipo siku zinapokwisha. Makabaila wa karne ya kumi hawakuwa na jina la ukoo, na akina Hugo na Bernard wamejaa tele. Huyu ni Hugo yupi? Anatazama jina la mke, jina la mama, kijiji, mashahidi waliosimama naye. Ushahidi usipotosha, anawaacha Hugo wawili wabaki wawili, hata kama kuwaunganisha kungempa sura nzuri ya kitabu.

Mwanahistoria Barbara Rosenwein alizipitia hivyo hati za 909 hadi 1049, akifuatilia viwanja. Akakuta baba ametoa shamba, mwana amelidai, akalirudisha mbele ya mashahidi, kisha jamaa mwingine akalitoa upya. Msomaji mwenye haraka angeandika kwamba watawa waliibiwa, akafunga jalada. Yeye aliendelea kupanga hati moja baada ya nyingine, mpaka akaona kwamba kutoa na kudai vilikuwa vikiwashikilia pamoja watu wale wale na mtakatifu wao, kizazi hadi kizazi. Kitabu chake kilitoka 1989. Jina la kitabu hicho linahusu kuwa jirani wa Mtakatifu Petro.